Tuwatazame pia wanaosikiliza malalamiko ya ubakaji

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua nichangie mjadala kuhusu video za ngono na ukatili dhidi ya wanawake. Msomaji mmoja aliandika kwamba kijana akishazoea video hizo, kinachofuata ni kubaka, na akataka simu za vijana zikaguliwe. Mwingine akamjibu kwa ukali kuwa hizo ni hofu za wazee, kwamba hakuna utafiti uliowahi kuthibitisha lolote, na kwamba Ulaya wanaziangalia bila kificho na mambo yao yanakwenda. Barua zote mbili nimezisoma kwa makini. Wanabishania kama video inamfanya mtu awe mbakaji. Ni swali la maana, lakini kuna jingine ambalo huku mitaani linatuumiza kila mwezi, na wote wawili wameliruka.

Mimi ni mkufunzi mstaafu. Nilifundisha saikolojia katika vyuo vya ualimu mpaka nilipopumzishwa na umri, na sasa ni mjumbe wa kamati ya ulinzi wa wanawake na watoto ya kata yetu hapa Muheza, zile kamati zilizoundwa chini ya MTAKUWWA, mpango wa taifa wa kutokomeza ukatili dhidi ya wanawake na watoto. Kwa hiyo jambo hili nimelikuta pande mbili: kwenye majarida niliyokuwa nikiyasoma ili nifundishe, na kwenye ofisi ya kata, mama anapomleta binti yake na sisi tunakaa kuwasikiliza.

Nianze na utafiti, kwa kuwa ndugu yetu wa pili amesema haupo. Upo, na umeanza zamani.

Mwaka 1980 mtafiti wa Marekani, Martha Burt, alichapisha matokeo ya kuwahoji watu wazima 598 wa jimbo la Minnesota. Aliwasomea kauli zinazosemwa na watu kuhusu ubakaji, nao wakaeleza wanakubaliana nazo kwa kiasi gani. Kwamba mwanamke mwenye afya yake akitaka kweli anaweza kumshinda mbakaji. Kwamba aliyekwenda nyumbani kwa mwanamume kwa hiari yake ameshakubali mengine yote. Akawauliza pia, kati ya wanawake wanaoripoti kubakwa, wangapi wanadanganya kwa sababu wana hasira na mwanamume au wana mimba wanayotaka kuificha. Isome orodha hiyo taratibu, msomaji, kisha uniambie kama hujapata kuyasikia hayo kwenye baraza ya nyumba yako. Kutokana na maswali yake vikapatikana vipimo vya mtazamo ambavyo watafiti wengi wamevitumia tangu hapo.

Mwaka uliofuata Neil Malamuth na James Check walivitumia vipimo hivyo katika Chuo Kikuu cha Manitoba, Kanada. Waliwapa wanafunzi tiketi za kwenda kutazama filamu jioni pale chuoni. Hazikuwa filamu za ngono. Zilikuwa filamu za kawaida za majumba ya sinema, ila katika zile walizopewa kundi moja, mwanamke anafanyiwa ukatili wa kingono na baadaye anaonyeshwa akimtaka yule yule aliyemfanyia. Kundi la pili liliona filamu zisizo na mambo hayo. Siku chache zikapita, kisha wanafunzi wakajazishwa hojaji darasani, maswali yakiwa yamechanganywa na mengine wasije wakashtukia kwamba yanahusiana na filamu. Wanaume walioziona zile filamu walikubali matumizi ya nguvu dhidi ya wanawake kuliko wenzao ambao hawakuziona. Wanawake walioziona walielekea kidogo upande mwingine, ingawa tofauti yao haikuwa kubwa kiasi cha kuthibitisha jambo.

Ukaguzi wa simu hautasaidia kitu hapo. Filamu kama hizo tunazitazama sebuleni na watoto, zikiwa zimetafsiriwa, na hakuna anayenyanyua rimoti.

Huko Wisconsin, Marekani, Edward Donnerstein na Leonard Berkowitz walikwenda hatua moja mbele, wakapima kitendo. Mwanamke aliyekuwa akishirikiana na watafiti aliwaudhi baadhi ya wanaume, wengine hakuwaudhi. Wakatazama filamu, kisha wakapewa nafasi ya kuchagua ukali wa shoti ya umeme ya kumpa mwanamke huyo. Walioudhiwa na kuonyeshwa filamu ya ukatili wa kingono walizidisha ukali. Lakini kilichonishika mimi ni wale ambao hawakuudhiwa. Nao walizidisha, kama filamu waliyoona iliishia kwa mwanamke kuonekana anafurahia. Pale ambapo mateso yake yalionyeshwa kuwa mateso hadi mwisho, wanaume waliokuwa wametulia hawakuzidisha.

Kwa hiyo namna mwanamke anavyoonyeshwa akipokea ukatili ina uzito wa peke yake. Sasa linganisha na kinachouzwa. Mwaka 2010 Ana Bridges na wenzake walichapisha uchambuzi wa vipande 304 kutoka video za ngono zilizokuwa zikiuzwa sana Marekani. Vipande 88 katika kila 100 vilikuwa na ukatili wa mwili, kama kupiga makofi, kukaba na kuvuta nywele. Waliofanyiwa karibu wote walikuwa wanawake. Na wakifanyiwa, kwa kawaida walionyeshwa ama wakifurahia ama wakikaa kama hakuna kilichotokea. Yaani yale mazingira yaliyowabadilisha hata wanaume waliotulia kule Wisconsin ndiyo yanayotengenezwa kwa wingi.

Hapa naomba nisimulie jambo, na nimebadilisha mambo madogo ili mhusika asitambulike.

Binti mmoja anayemsaidia mama lishe kuuza chakula aliletwa na shangazi yake. Alikuwa amepeleka chakula kwa kijana mteja, chumbani kwake, akafungiwa mlango. Alieleza kwa sauti ndogo, shangazi akimalizia pale aliposhindwa. Mimi nilidhani tutaulizana upesi: amefika hospitali? PF3, ile fomu ya polisi ya matibabu, imechukuliwa? Nguo ziko wapi? Badala yake mzee mmoja, mtu ninayemheshimu, akauliza, "Mbona hakupiga kelele? Nyumba ile ina wapangaji sita." Mwingine akauliza alifuata nini geto la mwanamume wakati angeweza kuita akiwa nje. Mama mmoja mjumbe akasema mabinti wa siku hizi hawajulikani. Hakuna aliyemtukana. Wote walisema kwa upole, kama watu wanaotaka kutenda haki. Yule binti akaacha kuzungumza. Shangazi ndiye aliyeshikilia mpaka akampeleka hospitali, na huko akapokewa vizuri. Lakini kabla jalada halijaiva, familia mbili zilikaa, maneno yakaisha kwa kiasi cha fedha ambacho naona aibu kukiandika.

Baada ya hapo nilikwenda kukaa na vijana wa bodaboda, kijiwe chao kikiwa jirani na kibanda kinachoingiza muvi na nyimbo kwenye memori kadi. Baadhi yao ni watoto wa wanafunzi wangu, wananiita mwalimu. Nikawauliza kuhusu tukio lile, kwa kuwa walikuwa wameshalisikia. Kijana mmoja, mpole, mwenye mke na mtoto, akaniambia bila kusitasita: "Mwalimu, wanaanza kwa kukataa halafu wanapenda. Ndivyo walivyo." Nikamuuliza amejulia wapi. Akajibu kwa mshangao, kana kwamba nimeuliza kitu ambacho kila mtu anakijua, "Si tunaona kwenye video."

Kijana huyo hajambaka mtu. Siamini kama atabaka. Lakini kesho akiwa mwenyekiti wa kitongoji, au kaka wa binti aliyefungiwa mlango, au askari wa zamu kaunta, yeye ndiye atakayemsikiliza. Huyo ndiye ninayemwandikia barua hii.

Na yeye pia amepimwa. Daniel Linz, Donnerstein na Steven Penrod, kule kule Wisconsin, waliwaonyesha wanaume filamu kadhaa kwa siku mbalimbali. Wengine waliona filamu za kuwatesa na kuwachinja wanawake zilizochanganywa na mambo ya mapenzi, ambazo huko zinauzwa kama burudani ya kawaida. Wengine waliona za ngono zisizo na ukatili. Kadiri siku zilivyokwenda, wale wa kundi la kwanza hawakusisimka tena wala kuuona ukatili kuwa mkubwa kama mwanzoni. Kisha wakatazama kesi ya ubakaji iliyoigizwa, wakiketi kama waamuzi. Huruma yao kwa mwanamke aliyelalamika ilikuwa imepungua. Walioona ngono isiyo na ukatili hawakubadilika namna hiyo. Matokeo hayo yalichapishwa 1988.

Dolf Zillmann na Jennings Bryant walikuwa wametangulia mwaka 1982. Waliwachukua wanafunzi 160, nusu wanawake, na baadhi yao wakawaonyesha filamu fupi za ngono kila wiki kwa wiki 6. Baada ya wiki nyingine 3 wakawapa habari ya gazeti kuhusu mtu aliyembaka msichana aliyekuwa akiomba lifti barabarani, wakaambiwa wapendekeze kifungo. Walioonyeshwa filamu nyingi walipendekeza kifungo kifupi, karibu nusu ya kile walichotaka wenzao ambao hawakuonyeshwa. Wanawake nao walipunguza, ingawa tangu mwanzo walitaka kifungo kirefu kuliko wanaume. Filamu zile hazikuwa hata na ukatili, na kwa sababu hiyo watafiti wengine wamezibishia sana, wakisema walipojaribu kwa filamu zisizo na ukatili hawakupata matokeo hayo. Mimi nauheshimu ubishi huo, na sitajenga hoja yangu juu ya jaribio hilo moja. Nimelitaja kwa sababu ya yule mama mjumbe. Tunapozungumzia jambo hili tunawataja vijana wa kiume tu, kumbe mezani tunakaa wote.

Sasa nimrudie ndugu yetu wa pili, maana ana hoja na haifai kumzomea. Ni kweli Denmark iliruhusu picha za ngono mwaka 1969, na mtafiti Berl Kutchinsky aliyefuatilia takwimu za polisi hakukuta ubakaji ukipanda kwa sababu hiyo, na baadhi ya makosa mengine ya kingono yalipungua. Ni kweli Christopher Ferguson na Richard Hartley wameonyesha kwamba Marekani ubakaji ulioripotiwa ulipungua katika miaka ile ile ambayo ponografia ilienea, na mwaka 2022 walipozipitia tafiti nyingi kwa pamoja walisema zile zinazohusu video zisizo na ukatili hazionyeshi uhusiano na uhalifu wa kingono, na zinazohusu za ukatili zinaonyesha uhusiano dhaifu ambao huenda unatokana na wanaume wakali kujichagulia video kali. Mtu anayesema kwamba kila atazamaye atabaka, tafiti hazimuungi mkono. Mwenye barua ya kwanza, naomba unisamehe, lakini ndivyo ilivyo.

Lakini angalia alichopima kila mmoja. Kutchinsky alihesabu makosa yaliyofika polisi. Burt na Malamuth walipima kile mtu anachoamini kabla polisi hawajafikiwa. Unaweza kuwa na nchi ambayo mafaili ya ubakaji hayaongezeki na ambayo binti bado ananyamazishwa kwa swali la kwanza. Hapa kwetu mafaili machache hayanipi amani. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2009 kuhusu ukatili dhidi ya watoto, uliofanywa kwa ushirikiano wa UNICEF, kituo cha Marekani cha kudhibiti magonjwa (CDC) na Chuo Kikuu cha Muhimbili, ulikuta kwamba karibu wasichana 3 katika kila 10 walikuwa wamefanyiwa ukatili wa kingono kabla ya kutimiza miaka 18. Kati ya hao, waliomwambia mtu yeyote walikuwa karibu nusu tu. Nusu nyingine hawakumwambia hata mama.

Kuhusu mtazamo, picha ni ya wazi kiasi. Mwaka 2010 Gert Martin Hald wa Denmark, akiwa na Malamuth na Carlin Yuen, walikusanya tafiti 9 zenye jumla ya watu 2,309, ambazo hazikuwa za maabara bali za kuwauliza wanaume wanachotazama katika maisha yao. Wanaotazama zaidi walielekea zaidi kukubali ukatili dhidi ya wanawake, na uhusiano huo ulikuwa mkubwa zaidi kwa video zenye ukatili. Najua mtu atasema huenda mwenye mtazamo huo ndiye anayezitafuta. Yawezekana, na kwa sehemu ni kweli. Hapo ndipo majaribio ya Manitoba na Wisconsin yanapokuwa na thamani, kwa kuwa kule watu hawakujichagulia filamu, walipangiwa.

Malamuth mwenyewe, baada ya kulifanyia kazi jambo hili miongo kadhaa, hasemi kwamba ponografia inawaharibu wote sawasawa. Anasema mwanamume mwenye uhasama na wanawake, anayeona mapenzi ni mchezo wa kushinda na kushindwa, huyo ndiye ambaye utazamaji mwingi unaambatana na hatari kubwa. Kwa asiye na mambo hayo, athari ni ndogo au haionekani. Naona maneno yake ni ya mtu mkweli. Yanatuambia pia tuanzie wapi: uhasama huo kijana anaupata wapi kabla hajashika simu? Nyumbani baba anapomwambia mama "nyamaza, nani kakuuliza", simu haijahusika bado.

Turudi kwenye sheria zetu, kwa sababu hapa ndipo msikilizaji anapokuwa na uzito kuliko watu wanavyodhani. Tangu sheria ya makosa ya kujamiiana ya mwaka 1998, adhabu ya mtu mzima aliyebaka haipungui miaka 30. Sheria ile ile iliruhusu mahakama kumtia mtu hatiani kwa ushahidi wa mwathirika peke yake, ikiridhika kwamba anasema kweli, na Mahakama ya Rufani imekariri katika hukumu nyingi kwamba ushahidi ulio bora katika makosa haya unatoka kwa mwathirika mwenyewe. Taifa liliamua kulipa neno la mwanamke uzito. Lakini neno hilo haliondoki kwenye mdomo wake na kutua moja kwa moja kwa hakimu. Linapita kwa shangazi, mjumbe wa nyumba kumi, mwenyekiti wa mtaa, kamati kama yetu, askari wa dawati la jinsia na watoto, daktari wa zamu. Mmoja wao akiwa ameshajifunza mahali fulani kwamba wanawake huanza kwa kukataa kisha wakapenda, neno linaishia hapo, na ile miaka 30 inabaki kwenye kitabu.

Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 nayo inakataza kuchapisha ponografia, na mwenye kibanda cha memori kadi anapaswa kuijua. Nilimwambia. Alinijibu kwa adabu kwamba yeye haweki tena mambo hayo kwa kuwa hakuna anayenunua. Vijana wanajitumia wenyewe kwenye magrupu ya WhatsApp, bando la mia tano linatosha. Sina sababu ya kutomwamini. Basi wenye kudhani tutafunga mlango mmoja tukalala wafikirie upya.

Kuna sehemu ya tafiti hizi ambayo haitajwi kabisa katika mabishano ya magazetini, na mimi naiona ndiyo yenye tija kuliko zote. Watafiti wale walijua kwamba wanawaonyesha vijana kitu kinachoweza kuwadhuru, wakalazimika kuwaeleza ukweli baadaye. Malamuth na Check waliwasomesha washiriki wao kwamba kile walichosoma au kuona ni uongo, kwamba kubakwa ni kitisho na maumivu na hakuna mwanamke anayekufurahia, kisha wakawapima tena baada ya muda kupita. Waliopata maelezo hayo walikuwa wakiziamini dhana potofu za ubakaji kidogo kuliko wenzao waliosoma habari za ngono ya hiari bila kupewa maelezo hayo. Mazungumzo ya wazi, yaliyotaja jambo kwa jina lake, yaliwaacha vijana katika hali nzuri zaidi.

Sisi tunafanya kinyume. Video wanaona, maelezo hawapati. Padri anakemea, shehe anakemea, mwalimu wa nidhamu anachapa, na wote wanaishia kwenye neno "uchafu". Kijana anatoka hapo akijua kwamba kutazama ni dhambi, wala hajaambiwa kwamba alichokitazama ni uongo. Yule kijana wa bodaboda anasali, na anajua kabisa kuwa video zile ni haramu. Hata hivyo anaamini ndivyo wanawake walivyo. Mficha uchi hazai, wahenga walisema, nasi tumeuficha uchi huu mpaka watoto wakautafutia mwalimu mwingine.

Kwamba jamii nzima inaweza kugeuka, mfano upo jirani. Kampala, shirika la Raising Voices lilibuni kazi ya kijamii iliyoitwa SASA!, na kati ya 2007 na 2012 ikapimwa kwa kulinganisha mitaa iliyofikiwa na ambayo bado. Watu wa kawaida wa mtaani walifundishwa kuanzisha mazungumzo na majirani zao kuhusu nguvu, nani anayo na anaitumiaje. Wanawake waliosema wamepigwa na wenzi wao katika mwaka uliotangulia walikuwa pungufu kwa asilimia 52 katika mitaa iliyofikiwa. Na jambo jingine lilipimwa ambalo mimi naliweka juu zaidi: mwanamke aliyefanyiwa ukatili katika mitaa hiyo alikuwa na nafasi kubwa zaidi ya kukuta watu wanaomsaidia inavyopasa alipowaeleza. Walibadilika waliosikiliza.

Kwa hiyo, Ndugu Mhariri, maombi yangu ni haya, na nayaelekeza kwa watu ninaowajua kazi zao.

Halmashauri zinapotuita wajumbe wa kamati kwenye semina, zipunguze hotuba kuhusu muundo wa mpango, zitupe zile kauli za Burt tuzijibu kwa siri, kila mmoja kwenye karatasi yake, kisha tuzijadili. Nimelijaribu kwenye kamati yetu. Mzee wangu yule aliyeuliza kuhusu kelele alikasirika kwanza, baadaye akauliza kama ni kweli mtu anaweza kushikwa na hofu mpaka akashindwa kutoa sauti. Tulikuwa na muuguzi siku hiyo, akamjibu kwa mifano ya wagonjwa wake. Kikao kilichofuata, mwanamke alipokuja, mzee yule ndiye aliyemvutia kiti na kuuliza kama ameshafika hospitali.

Askari wa madawati ya jinsia wafanyiwe vivyo hivyo, pamoja na wale wa kaunta, maana usiku dawati limefungwa na anayempokea binti ni aliye zamu.

Walimu wa shule za sekondari waruhusiwe kuwaambia wavulana kwa lugha ya wazi kwamba yale ni maigizo yanayolipiwa, kwamba anayepigwa anaumia, na kwamba kunyamaza kwa mtu aliyeshikwa na hofu hakuna maana ya kukubali. Najua baadhi ya wazazi watapiga kelele. Mimi nitakuja kusimama mbele yao kwenye kikao cha wazazi, nikialikwa, kwa nauli yangu.

Na watafiti wa vyuo vyetu nawaomba waje wapime huku, kwa vijana wasiokaa kwenye mabweni ya chuo: madereva wa bodaboda, wakata mkonge, vijana wa machungwa wanaoshinda sokoni wakisubiri malori. Hojaji naweza kuwasaidia kuiandika kwa Kiswahili kinachoeleweka kijiweni. Vijana wale hawana aibu ya kujibu. Mimi niliwauliza mara moja tu, wakajibu.

Wako katika kazi,

Mkufunzi mstaafu,
Muheza, Tanga.